Kabati la Bi Sikudhani

Lilikuja kwa guta, limelazwa chali
kama mgonjwa anayekimbizwa Temeke,
kabati la milango miwili, kioo hakuna,
na Bi Sikudhani nyuma yake kwa miguu
toka Gerezani hadi Keko, juani,
kiganja juu ya mbao njia nzima.

"Mninga," akasema kabla ya salamu.
"Baba alilinunua. Mninga mtupu.
Nataka uniandikie kwenye karatasi, fundi.
Nyumba imeshavunjwa, ndugu zangu
wanataka na hili tuligawane kwa bei."

Sikujibu. Kazi hii ukijibu mapema utalipa.
Rangi ni mdomo wa dalali:
nimeona mkaratusi umepakwa dawa ya viatu
ukauzwa mninga, na mnunuzi akashukuru.
Mimi nageuza kitu, natafuta mahali
ambapo aliyekitengeneza hakutegemea mgeni:
chini ya droo, nyuma ya bawaba,
kisigino cha mguu.

Mlango kwanza. Nikapitisha randa ukingoni,
unywele mmoja tu wa mbao.
Randa ikalia, ikakwama.
Kajiwe. Kajiwe keupe ndani ya nyama ya mti,
chokaa ambayo mti uliinywa ungali hai
na haukumwambia mtu.
Mvule huo. Nikaulowesha kwa mate,
manjano ikawa asali iliyoungua.
Nikalisema jina moyoni, usoni nikanyamaza.

Droo: fenesi, njano chini ya masizi,
mtu aliukata uani kwake au kwa jirani,
na kitako chake kimejaa hesabu za penseli,
vijiti vijiti, vitano vitano,
kila fungu limekatwa mstari.

Mgongo ulinichosha. Kijani juu ya bluu
juu ya kijani kingine, rangi ya mafuta.
Nilipofika mbao, ikatoka harufu ya utomvu
iliyofungiwa miaka mingi kuliko yangu:
msonobari. Wa kasha.
Herufi nyeusi, nusu ya neno la melini,
na mshale, ule wa kusema huku ndiko juu.
Ubao ulipigiliwa mshale ukitazama sakafu.

"Baba yako alifanya kazi wapi?"
"Bandarini. Kuli. Kwa nini?"
"Nauliza tu."

Hapo nilitamani ningekuwa muuza viazi.

Nikainama miguuni. Minne,
imechongwa kwa tezo kwanza, patasi baadaye,
mmoja mfupi, umewekewa kipande cha kandambili.
Nikaukwangua. Vumbi likanipiga chafya tatu.
Kahawia, michirizi ya damu kavu,
harufu ambayo pua yangu huijua gizani.
Nikaenda wa pili. Wa tatu. Wa nne.

"Enhe?"

"Miguu," nikasema. "Miguu ni mninga, mama.
Milango mvule. Droo fenesi. Huku nyuma..."
nikamwonyesha mshale.

Akachuchumaa. Akazifuata herufi kwa kidole,
akapinda shingo mpaka ushungi ukamvuka,
akacheka kwa puani, kama mtoto
aliyefumwa na sukari mdomoni.
"Hakujua kusoma. Jamani baba!
Hata juu hakujua ni wapi."
Kisha akakaa kimya, kashika mguu ule mfupi,
gari la mchanga likapita, vumbi likatua.
"Miguu, lakini, alinunua."

Karatasi sijaiandika.
Ndugu zake wamepiga simu mara mbili,
mmoja kwa heshima, mmoja bila.
Bawaba nimebadilisha, milango ina vanishi,
kandambili nimeirudisha palepale.
Mgongo amenikataza nisiupake kitu.
Aliuliza tu kama ubao ule unaweza kung'olewa
ukapinduliwa, mshale utazame juu.
Unaweza. Misumari minane, kazi ya dakika kumi.

Nilikuwa nimeshang'oa miwili
alipoingia mjukuu wake, anahema, chenji mkononi:
"Bibi kasema uuache."